Fuvu Mikononi mwa Ursula

Josselin Pask alikuwa amepiga magoti mbele ya kaburi la Sir Godfrey Pelstow, lakini hakuwa akisali. Alikuwa akimtazama mikono mtoto wa jiwe.

Mtoto mwenyewe ni msichana, urefu wake hauzidi kiwiko mpaka ncha ya kidole. Alichongwa ubavuni mwa kaburi akiwa peke yake, na gauni lake na kola yake ya makunyanzi. Juu yake baba na mama walilala chali, viganja vimeelekea mbinguni. Kwenye makaburi ya wakubwa watoto huchongwa kwa kanuni. Mtoto aliye hai mikono yake hushikana kifuani kwa sala. Aliyetangulia kufa kabla ya wazazi hupewa fuvu alishike, ili kila aingiaye kanisani ajue bila kuuliza.

Huyu alishika fuvu. Na mwanamke aliyedai kuwa ndiye yeye alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha chini cha mnara, mwisho wa kanisa hilo hilo, na kikohozi chake kilikuwa kinasikika.

"Umeridhika?" aliuliza Lambert Pelstow.

Lambert alikuwa mdogo wake Sir Godfrey, na ndiye aliyerithi vyote: nyumba, mashamba, kinu, na haki ya kubeba nembo ya ukoo kama mkubwa wa ukoo. Tena alikuwa hakimu wa eneo lile. Alisimama amevaa glavu zake, hana haraka.

"Bado natazama," alisema Pask.

"Cha kutazama ni nini? Fuvu ni fuvu."

"Ni kweli, Bwana Lambert. Ndiyo maana nalitazama."

Pask alikuwa mkaguzi wa nembo. Alikuwa na barua yenye muhuri wa Malkia iliyomruhusu kuingia kanisa lolote na nyumba yoyote ya jimbo, kuchunguza kila ngao iliyochorwa au kuchongwa, na kuivunja akikuta ni ya uongo. Hapa alikuja kwa kazi ya asubuhi moja tu: kuandika kwamba Lambert ni mkubwa wa ukoo wa Pelstow. Sasa ilikuwa siku ya tatu. Siku aliyofika ndiyo siku mwanamke yule alikamatwa kwenye lango la kijiji, hana barua ya kusafiria wala bwana anayemtumikia, anasema yeye ni Ursula, binti wa Sir Godfrey. Lambert alimhukumu siku iliyofuata kama mzururaji. Na mzururaji sheria yake ilijulikana na kila mtu kijijini: hutobolewa gegedu la sikio kwa chuma cha moto.

Chuma kilikuwa kwa mhunzi, ng'ambo ya ukuta wa makaburi. Lambert alikubali kukisimamisha kwa ombi la Pask, jiwe liseme kwanza. Jiwe likisema mtoto alikufa, mwanamke ni tapeli na chuma kitafanya kazi yake. Likisema yu hai, basi kila alichokuwa nacho Lambert kilikuwa cha mwanamke huyo.

"Mtoto alikufa, mheshimiwa," alisema Hobb Crake. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, fundi viatu, mtu wa maneno mengi, funguo zote za kanisa zikining'inia kiunoni. Alifuta kitabu cha mazishi kwa aproni yake na kukifungua. "Soma mwenyewe. Agosti, mwaka elfu moja mia tano sabini na saba. Miaka kumi na minne imepita. Huyu hapa. 'Ursula, mtoto wa kike, homa.'"

"Ursula wa nani?"

"Si wa Sir Godfrey?"

"Nakuuliza wewe."

Crake alikisogeza kitabu machoni, kama vile maneno mengine yangejitokeza. "Imeandikwa Ursula tu."

"Mke wa Sir Godfrey naye aliitwa Ursula. Aliwasimamia ubatizo wasichana wangapi hapa?"

"Uuu! Nusu ya kijiji. Mama yule alikuwa hakatai."

"Na msichana akibatizwa hupewa jina la nani?"

"La msimamizi wake wa..." Crake alisita. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Dada yangu ni Ursula. Mke wa mhunzi Ursula. Yule kiwete wa kinuni, Ursula. Hata kuna ng'ombe mmoja..."

"Inatosha, Hobb," alisema Lambert.

"Kitabu hiki hakikubali wala hakikatai," alisema Pask. "Kifunge. Bwana Lambert, nani aliamuru hili fuvu?"

"Kaka yangu mwenyewe. Kaburi alilichongesha akiwa bado mzima, mkewe alipokufa, majira ya kuchipua mwaka ule ule. Agosti mtoto akafa. Kaka akamwita fundi alitie fuvu. Nilikuwapo. Alisimama hapo ulipo, analia kama mtoto. Oktoba naye akafa."

"Fundi yuko wapi?"

"Amekufa."

"Kwenye habari hii watu wengi wamekufa."

"Ulikuwa mwaka mbaya," alisema Lambert.

Pask alilamba dole gumba, akaligandamiza kwenye shavu la mtoto wa jiwe. Mate yalibaki juu yakimeta. Akalamba tena, akaligandamiza kwenye paji la uso la fuvu. Mate yalinywewa mara moja, kama maji kwenye mkate. Alitoa kisu kidogo akakwaruza chini ya fuvu, mahali pasipoonekana, unga mweupe ukamdondokea kwenye mkono wa koti.

Kaburi lilizungushiwa uzio wa chuma uliopakwa rangi nyeusi. Pask alipoutoa mkono kati ya nondo zake, jicho lake lilinaswa na kitu kwenye nondo ya chini, mbele kabisa ya yule mtoto: tone jeupe, ukubwa wa punje ya njegere, limeganda. Alilibandua kwa ukucha. Chini yake rangi nyeusi ilikuwa nzima, inang'aa.

"Uzio mzuri huu," alisema. "Nani aliuweka?"

"Bwana Lambert," Crake alirukia. "Krismasi ile, baada ya kumzika kaka yake. Mbwa walikuwa wanaingia wanakojolea kaburi. Yaani hata wakati wa mahubiri!"

"Baada ya mazishi."

"Kuna ubaya mtu kumkinga kaka yake na mbwa?" aliuliza Lambert.

"Hata kidogo."

Tone lile Pask alilifunga kwenye karatasi. Mwisho alitazama ngao ndogo iliyochongwa juu ya kichwa cha mtoto. Mstari wa wima uliigawa katikati. Nusu moja ilikuwa na korongo watatu weupe kwenye bluu, nembo ya Pelstow. Nusu ya pili haikuwa na kitu. Jiwe tupu, limelainishwa vizuri, halijawahi kuguswa na patasi wala brashi. Pask alipitisha kidole hapo mara mbili, akaandika neno moja kwenye daftari lake.

"Mleteni," alisema. "Asimame kule mlangoni, kwenye birika la ubatizo, akiwa amelipa kaburi kisogo. Akigeuka tumemaliza. Konstebo, alipokamatwa, alikuwa ameshaingia humu ndani?"

"Kuingia wapi?" alisema konstebo Fossey, jitu la shingo nene lililokuwa linatafuna jibini. "Tulimkamata langoni. Toka hapo ni ndani ya mnara, kwa mlango wa nje. Alichokiona hapa ni panya."

Habari ilikuwa imeshaenea. Mwanamke alipotolewa mnarani, watu kama ishirini walikuwa wamejazana mlangoni, wengine na ndoo zao mkononi. Fossey alimvuta kwa kamba iliyomfunga vifundo vya mikono. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu. Mikono yake ilikuwa mikubwa, imepasuka, rangi ya kahawia iliyoingia mpaka kwenye kucha, rangi ya magome wanayolowekea ngozi.

"Eee, ananuka!"

"Mpigieni magoti, ndiye bibi mkubwa wenu huyo!"

"Bibi mkubwa, taji umeliacha wapi? Kwenye pipa la ngozi?"

"Kimya," alisema Pask. "Jina lako?"

"Ursula Pelstow."

"Umewahi kuitwa jina jingine?"

"Joan. Miaka kumi na minne."

"Nani alikuita hivyo?"

"Mtengeneza ngozi kule Lincoln, na mkewe. Walikabidhiwa mimi baada ya baba kufa." Hakugeuka, lakini aliinua sauti. "Hujambo, baba mdogo?"

Watu waliguna. Lambert aliondoa kitu kisichokuwapo kwenye glavu yake. "Mwanamke, mimi si baba yako mdogo wala mkubwa."

"Ulinipa tofaa ndani ya gari la farasi. Ukaniambia nisilile mpaka tuvuke mto."

"Kila mtu ana tofaa," alisema Lambert, watu wakacheka.

"Kwa nini umerudi sasa?" aliuliza Pask.

"Mke wa mtengeneza ngozi alikufa Pasaka. Ndiye aliyekuwa akinipiga nikitaja jina langu. Sasa hakuna wa kunipiga."

"Wapo, usiwe na wasiwasi," alisema Fossey, na safari hii kicheko kiligonga mpaka darini.

Pask alingoja kiishe. Alikuwa mtu wa kungoja. Alimsogelea mwanamke akasimama mbele yake, ili ayaone macho yake, na nyuma yake ayaone macho ya Lambert.

"Kaburi la baba yako uliliona?"

"Lilichongwa nikiwapo. Mama alikuwa ameshakufa. Baba alinileta kila siku nisimame fundi anitazame. Mchana kutwa, nimeshika mikono hivi." Alijaribu kuonyesha, kamba ikamzuia. "Nikijikuna ananirushia kokoto."

"Juu ya kichwa chako alichonga nini?"

"Ngao."

"Ikoje?"

"Nusu korongo wetu. Nusu tupu."

Kelele za mlangoni zilipungua. Kuna mama mmoja aliweka ndoo chini.

"Nusu ipi iliyo tupu?" aliuliza Pask.

"Ya kulia."

Crake hakungoja kutumwa. Alikimbia mpaka kwenye uzio, funguo zikimpigapiga pajani, akainama, akatazama, akainua mkono wake wa kulia kisha wa kushoto ili ahakikishe. Halafu akageuka, uso wote meno.

"Kushoto! Nusu tupu iko kushoto! Njooni mwone wenyewe, nusu ya kulia ndiyo yenye korongo!"

Kanisa lililipuka kwa kicheko.

"Kulia na kushoto hajui!"

"Aliyemfundisha alikuwa amelewa!"

"Mkono unaolia chakula ni upi, bibi mkubwa? Tuonyeshe!"

"Ni ya kulia," alisema mwanamke. "Baba alinifundisha. Ni ya kulia." Lakini kila alivyosema ndivyo walivyozidi kucheka, na mara ya tatu midomo ilitikisika bila sauti.

Pask hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akimtazama Lambert. Katika watu wote waliokuwa mle ndani, aliyestahili kucheka kuliko wote hakucheka. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayesikiliza hatua za mgeni uani. Kisha alimgeukia konstebo, akasema kwa upole:

"Fossey, mtoe nje akanywe maji. Anataka kuanguka."

"Sina kiu," alisema mwanamke.

"Utakunywa," alisema Fossey.

Mwanamke alimtazama Pask. Pask alikuwa ameshafungua daftari, anatafuta ukurasa.

"Nenda upumzike kidogo," alimwambia, bila kuinua macho. "Nitakuita."

Fossey akavuta kamba. Watu wakawapisha, na wengi wakawafuata, maana mambo ya ndani yalionekana yameisha.

"Basi," alisema Lambert. "Mwenyewe umesikia."

"Nimesikia. Na wewe umesikia. Kwa nini hukucheka?"

"Mimi si mtu wa kucheka kanisani."

"Hapana. Hukucheka kwa sababu wewe ni mtoto wa nyumba yenye ngao." Pask alimwita Crake kwa kidole. "Mzee Hobb, shika hiki kitabu chako kifuani. Kikaze, kana kwamba ni ngao, na mimi nakuja kukupiga. Haya. Upande wa kulia wa ngao yako ni upi?"

Crake alitazama chini. "Huu hapa."

"Mimi niliyesimama mbele yako, nauona uko wapi?"

Crake alimtazama Pask, akatazama kitabu, akamtazama Pask tena.

"Kushoto kwangu," alisema Pask. "Ngao husomwa kwa mkono wa mwenye kuibeba, siyo wa mwenye kuitazama. Fundi viatu hajui hilo. Wala konstebo, wala mtu yeyote wa pale mlangoni. Mtu ambaye angemfundisha mwanamke huyu maneno ya kuja kusema, angetoka humu kanisani ameona nusu tupu kushoto, na angemwambia kushoto. Amesema kulia kwa sababu alifundishwa ngao kabla hajafundishwa kitu kingine. Na aliyemfundisha ni mwenye ngao."

"Neno moja," alisema Lambert.

"Ndiyo. Kwa hiyo tuongeze mengine."

"Ongeza. Nina nafasi."

Hapo Pask alinogewa. Miaka kumi na tisa ya kazi hii, kwenye makanisa yenye unyevu na mbele ya watu waliokuwa wakisinzia, na leo alikuwa amepata msikilizaji. Alimpeleka Lambert mpaka kwenye uzio na kuanza mwanzo.

"Hii nusu tupu. Binti ambaye hajaolewa huchongewa ngao ya nusu. Korongo wa baba yake hukaa upande wa kushoto wa ngao, na upande wa kulia, wa heshima, huachwa wazi kumngoja mume. Akiolewa, fundi huja akachonga nembo ya mume hapo. Sasa niambie. Mtoto aliyekufa anamngoja mume gani?"

"Nimeshakwambia, alikuwa hai wakati kaburi linachongwa. Alikufa baadaye."

"Vizuri. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba fuvu liliongezwa."

"Sijawahi kukataa."

"Wala sikusema umekataa. Kaburi ni alabasta. Alabasta hainywi maji. Fuvu hili linakunywa. Ni lipu, limebandikwa juu ya mikono iliyokuwa inasali, kisha likapakwa rangi. Fundi aliyechonga kola ile, mkunyanzi kwa mkunyanzi, hawezi kubandika donge la lipu kama la dirisha la zizi."

"Kaka yangu alikuwa na haraka. Alikuwa na huzuni."

"Alikuwa na huzuni Agosti. Tazama hapa." Alifungua karatasi. "Tone la lipu. Ile ile. Nimelitoa kwenye nondo ya uzio, na chini yake kuna rangi nyeusi. Maana yake uzio ulishawekwa na kupakwa rangi siku fuvu lilipobandikwa. Na uzio uliwekwa lini, mzee Hobb?"

"Krismasi," alisema Crake. Alikuwa bado amekumbatia kitabu kifuani.

"Krismasi. Sir Godfrey alizikwa Oktoba."

Lambert aliinamia nondo, akaitazama kwa makini sana. "Hebu nirudishe nyuma kidogo. Hilo tone lilikuwa juu ya rangi, au rangi ilikuwa juu ya tone?"

"Tone juu ya rangi."

"Huenda uzio ulipakwa rangi mara mbili."

"Ungepakwa mara mbili, tone lingefunikwa na rangi ya pili."

"Ah. Na kama lilitoka kwenye dari?"

Pask alitazama juu, kwa haki. "Dari ni ya mbao."

"Kweli, ni ya mbao." Lambert alinyooka taratibu. "Hebu nieleze tena ile ya upande wa kulia. Wa mwenye kubeba, ulisema?"

Pask akaanza kumweleza tena. Alikuwa amefika kwenye mkono wa mwenye kubeba ndipo alipogundua kwamba nyundo ya mhunzi, iliyokuwa ikilia ng'ambo ya ukuta asubuhi nzima, ilikuwa imenyamaza, na hakujua imenyamaza tangu lini.

Ukelele haukuwa mrefu. Ulianza na kukatika, kama mtu aliyejikwaa. Halafu watu wakashangilia.

Crake aliangusha kitabu.

Pask alikimbia. Alifika nusu ya kanisa tu, maana Fossey alikuwa ameshaingia mlangoni na mwanamke, kamba imefunguliwa, haina kazi tena. Alikuwa amejishika ubavu wa kichwa. Damu ilikuwa kidogo, chuma cha moto huziba kinapotoboa, ila harufu iliwatangulia ndani.

"Alikunywa maji," alisema Fossey. "Baada ya hapo."

"Nani alikuamuru?" Pask alipiga kelele. "Nilisema nitamwita! Hukumu ilisimamishwa mpaka jiwe liseme!"

"Na jiwe halikusema," alisema Lambert nyuma yake. "Wewe ndiye uliyekuwa ukisema." Alivua glavu moja, kidole kwa kidole. "Hukumu niliitoa jana, Bwana Pask. Si ya kudanganya jina. Ni ya kuzurura. Mtu anaweza kuwa binti wa Sir na akakutwa barabarani hana barua. Sheria haijaandika vinginevyo."

"Nitaandika kila kitu. Fuvu, tone, neno lake. Hii nyumba huna siku nyingi ndani yake."

"Andika. Kesi ya urithi inasikilizwa London. Ni mwendo wa siku nne." Lambert alimsogelea mwanamke, akauondoa mkono wake taratibu kutoka sikioni, kama daktari. Yeye hakurudi nyuma. Tundu lilikuwa limepita upande wa pili. "Mwenye tundu hili akikutwa barabarani tena, hana bwana, si chuma tena. Ni kamba ya shingo. Fossey ana jamaa zake huko njiani, kila kijiji. Hata nikifa mimi leo, njia hiyo hapiti." Akamgeukia Pask. "Unaona? Nimekusikiliza vizuri. Mwenye kubeba alama ndiye anayehesabiwa."

Watu walikuwa wameingia tena. Crake alikuwa amewanong'oneza, maneno yakapita mtu kwa mtu, na yule mama wa ndoo alikuwa ameinama kidogo magoti, hajui kama apige kabisa au asimame.

Pask alikwenda kwenye meza ya kitabu cha sala, akaweka daftari lake, akachovya kalamu.

"Sheria hiyo hiyo," alisema, "inasema mwenye alama akipata mtu wa kumchukua kuwa mtumishi kwa mwaka mmoja, hakamatwi. Mzee Hobb, njoo uwe shahidi. Mimi, Josselin Pask, namchukua Ursula Pelstow kuwa mtumishi wangu, kuanzia leo."

Crake alichora alama yake ya ufundi, kiatu kidogo, bila kumtazama Lambert.

Lambert alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza walichomsikia siku hiyo. "Ah, hapo sasa umenifaa mwenyewe. Andika vizuri, tarehe usisahau. Mahakimu watafurahi. Mrithi wa Pelstow, sikio limetobolewa, anamfulia karani soksi. Wataisoma hiyo kwanza, Bwana Pask, kabla hawajafika kwenye tone lako."

Pask alimwaga mchanga juu ya wino, akaupuliza. Aliyasoma aliyoyaandika yote kwa sauti, tangu kwenye fuvu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alisoma kwamba Ursula, binti pekee wa Sir Godfrey, yu hai na amesimama mbele yake. Alisoma kwamba Lambert Pelstow hana haki ya kubeba korongo watatu kama mkubwa wa ukoo. Alisoma kuhusu rangi, na lipu, na upande wa kulia. Hakuna aliyemkatiza.

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Umemaliza kuongea, bwana?"

"Nimemaliza."

Mkoba wa Pask ulikuwa chini ya nguzo, mzito kwa vitabu na chupa za wino. Mwanamke alikwenda akauokota, akauning'iniza begani upande usiouma, akarekebisha mkanda. Pask aliinua mkono kumzuia, kisha akamwona Lambert anatazama, na Fossey, na watu wote mlangoni. Akaushusha.

Ursula Pelstow alitangulia mpaka mlangoni. Hapo alisimama. Akarudi hatua moja, akasimama kando ya ukuta na ule mkoba begani, akampisha bwana wake apite kwanza.